Msalaba na zamu ya wamama



Tuko katika Kwarezima. Kila Ijumaa makanisa yetu yanajaa wamama kwa ajili ya Njia ya Msalaba. Wengine wanafunga biashara mapema sokoni, wengine wanamwachia mtoto mkubwa kazi ya jikoni, wanafika na mtoto mchanga mgongoni na kupiga magoti kwenye vituo vyote kumi na vine. Na siku ya Ijumaa Kuu, wakati wa kubusu msalaba, mstari mrefu ni wetu. Hakuna anayeweza kusema ya kwamba wamama wa Congo hawampendi Yezu Msulubiwa.

Juma hili tunauliza jambo moja: mapendo hayo yanaenda wapi tukiisha kutoka kanisani? Ili kujibu, tutasimulia habari ya kundi moja la wamama wa zamani sana, walioanza kazi yao kwa sufuria ya supu na orodha ya zamu. Tunaamini ya kwamba habari hiyo inatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Wamama chini ya msalaba

Tuanze na Injili. Yohane anatuonyesha Bikira Maria karibu na msalaba, pamoja na dada yake, na Maria wa Klopa, na Maria Magdalena. Matayo naye anasema kulikuwa na wanawake wengi waliotazama kwa mbali, na anaongeza ya kwamba walikuwa wamemfuata Yezu toka Galilaya wakimtumikia. Luka alikwisha kututajia baadhi yao mbele: Maria Magdalena, Yoana mke wa Kuza, Susana na wengine, waliomsaidia Yezu na mitume kwa mali yao wenyewe.

Tuangalie vizuri. Wale waliosimama pale Kalvario ndio wale wale waliokuwa wakipika, wakifua, wakitoa franga zao mfukoni. Hawakungoja msalaba ili waanze kuhurumia. Na kifo hakikumaliza kazi yao, kwani asubuhi ya siku ya kwanza ya juma walikwenda kaburini na manukato waliyotayarisha kwa mikono yao. Hawakuwa na nguvu ya kuwafukuza askari wala ya kung'oa misumari. Walifanya kile kilichokuwa ndani ya uwezo wao, na walikifanya mpaka mwisho. Ndiyo maana habari ya ufufuko ilifika kwao kwanza: walikuwa kazini.

Jumapili moja ya mwaka 1617

Sasa twende Ufaransa, katika mji mdogo wa Châtillon, si mbali na Lyon. Mwaka 1617 mji huo ulipata paroko mpya, padri mmoja aliyetoka familia ya wakulima. Jina lake Vincent de Paul. Hakukaa pale muda mrefu, lakini miezi ile ilibadilisha maisha yake.

Jumapili moja ya mwezi wa 8, alipokuwa anavaa nguo za Misa, walikuja kumwambia ya kwamba kuna nyumba moja nje ya mji ambamo watu wote wanaugua. Hakuna hata mmoja mwenye nguvu ya kumpa mwenzake maji. Katika mahubiri Padri Vincent aliwaeleza waamini habari hiyo. Mchana alipokwenda mwenyewe kuwatazama wagonjwa, alikuta njia imejaa wamama. Wengine walikuwa wanakwenda, wengine wanarudi, wengine wamekaa chini kupumzika kwa sababu ya jua kali. Kila mmoja alikuwa amebeba chakula.

Padri mwingine angefurahi na kwenda kulala. Vincent alifurahi, lakini akaona pia hatari. Leo familia ile imepata chakula kingi kuliko inavyoweza kula. Kitaoza. Kesho kutwa watu watakuwa wamesahau, na wagonjwa watarudia njaa yao. Akaona ya kwamba mapendo ya wamama wale yalikuwa makubwa, ila hayakuwa na utaratibu.

Basi siku chache nyuma yake aliwakusanya. Wakapatana ya kwamba kila mmoja atapika siku yake, kwa zamu, si kwa nyumba ile tu bali kwa wagonjwa masikini wote wa mji. Kufika mwezi wa 12 wa mwaka ule, kundi lilikuwa limekwisha kupata kanuni yake iliyoandikwa. Wamama wale walichukua jina la watumishi wa masikini.

Kanuni ile ingetufurahisha sisi tunaoweka akiba katika AVEC, maana ndani yake kuna mama kiongozi, kuna mtunza mali, na kuna sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kiongozi na mwingine kwa mtunza mali. Miaka zaidi ya 400 imepita, na wamama wanafanya vile vile mpaka leo, isipokuwa sanduku letu lina kufuli tatu.

Lakini sehemu inayogusa moyo zaidi ni ile inayoeleza jinsi ya kumhudumia mgonjwa. Mama mwenye zamu atapika, atachukua chakula, atamsalimia mgonjwa kwa furaha na kwa upole. Atatandika kitambaa, atamnawisha mikono, atasali, ndipo atampa chakula, na kumbembeleza kama vile anavyombembeleza mtoto wake mwenyewe. Tena kanuni inasema aanze na mgonjwa aliye na mtu wa kumwangalia, na amalize na yule asiye na mtu, ili apate kukaa naye muda mrefu zaidi. Na mbele ya mgonjwa kutatundikwa sanamu ya Yezu msalabani, mahali anapoweza kuiona akiwa amelala, ili akumbuke ya kwamba Mwana wa Mungu naye alipitia mateso.

Msalaba ukutani na sahani ya supu kitandani, vyote viwili kwa mkono wa mama mmoja. Supu ilikuwa inamwonyesha mgonjwa ya kwamba yule aliye msalabani hakumsahau. Bila supu, sanamu ile ingebaki kipande cha mti.

Mjane na mchungaji wa ng'ombe

Makundi ya namna hiyo yalienea katika vijiji vingi mpaka yakafika Paris. Huko mambo yakawa magumu. Wamama wa familia kubwa walijiandikisha kwa bidii, lakini kuingia katika vibanda vya masikini na sufuria mkononi ilikuwa kazi nyingine. Wakaanza kutuma watumishi wao wa nyumbani. Na mtumishi aliyetumwa kwa nguvu hapeleki chakula kwa moyo wa yule aliyeahidi.

Aliyesaidia kutengeneza jambo hilo ni mama mmoja mjane, Louise de Marillac. Alizaliwa mwaka 1591 na hakupata kumjua mama yake mzazi. Aliolewa, akazaa mtoto mmoja wa kiume, akamuuguza mume wake mpaka alipokufa mwaka 1625. Mtoto wake alimpa wasiwasi mwingi kwa miaka mingi, jambo ambalo wengi kati yetu tunalielewa bila maelezo. Toka mwaka 1629 Padri Vincent alianza kumtuma kutembelea makundi ya wamama vijijini. Alikuwa anafika, anakagua zamu, anahesabu mali, anawatia moyo waliochoka, anatafuta msichana wa kufundisha watoto kusoma.

Msichana wa kwanza kujitoa kabisa kwa kazi hiyo alikuwa Marguerite Naseau wa Suresnes, mchungaji wa ng'ombe. Sisi walimu tunampenda mno. Hakupata nafasi ya kwenda masomoni. Alinunua kitabu cha alfabeti, akakipeleka malishoni, na kila alipoona mtu anapita ambaye alionekana anajua kusoma, alimwomba amweleze herufi au neno. Hivyo hivyo, neno kwa neno, akajua kusoma, kisha akaanza kuwafundisha wasichana wa vijiji vya jirani. Aliposikia ya kwamba Paris wanatafuta watu wa kuhudumia wagonjwa masikini, akaenda. Alikufa mwaka 1633, akiwa ameambukizwa tauni kwa sababu alimkaribisha mwanamke mmoja mgonjwa kitandani mwake.

Tarehe 29 mwezi wa 11 wa mwaka ule ule, Louise aliwakusanya nyumbani mwake wasichana wengine wachache wa vijijini waliofuata mfano huo. Hapo ndipo lilipoanza shirika la masista wa Filles de la Charité, ambao leo wako katika inchi nyingi, hata hapa Congo. Alama yao inaonyesha Yezu msalabani, na maneno yake yanasema ya kwamba mapendo ya Yezu Msulubiwa ndiyo yanayowasukuma.

Neno hilo la kusukuma ni zuri. Mtu anayesukumwa hawezi kubaki amekaa. Mwaka 1638 yaliwasukuma kuwachukua watoto wachanga waliokuwa wakitupwa katika mitaa ya Paris. Yaliwasukuma kwenda kwa wafungwa, kwa askari wenye vidonda, kwa wazee. Tena Vincent aliwafundisha ya kwamba kama masikini anaita wakati wa sala, sista aache sala na aende mbio bila wasiwasi, maana anamwacha Mungu kwa kumfuata Mungu yule yule.

Kugeuza medali

Wamama, tuseme ukweli wa kazi hii. Masikini si mtu wa kupendeza sikuzote. Kuna mwenye harufu ya kidonda, kuna mwenye matusi, kuna anayeomba leo na kesho anadanganya ya kwamba hakupata kitu. Kuna mama mgonjwa anayekataa uji wako kwa sababu hauna sukari ya kutosha. Anayeanza utumishi akitazamia kusifiwa atachoka kabla ya mwezi kuisha.

Vincent alijua hayo yote. Aliwafananisha masikini na medali: upande mmoja unaweza kuonekana mchafu na mgumu, lakini ukiigeuza kwa mwanga wa imani utamwona Mwana wa Mungu, ambaye katika mateso yake naye alikuwa amepigwa mpaka hakuwa tena na sura ya mtu. Ndiyo faida kubwa ya kutazama msalaba mara nyingi. Aliyezoea kutazama uso ule wenye damu na mate, akambusu bila kuchukizwa, hatashindwa haraka mbele ya uso wa jirani aliyechakaa. Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa ni masomo ya macho. Veronika katika kituo cha sita ni mwalimu wetu: wote waliona uso mchafu, yeye peke yake aliona uso unaohitaji kitambaa.

Msalaba si neno la kumnyamazisha anayeteseka

Hapa kuna jambo ambalo hatuwezi kulificha. Katika mitaa yetu, neno la msalaba linatumiwa vibaya. Mama anapigwa na mume wake, wanamwambia, "Vumilia, ndio msalaba wako." Mjane ananyang'anywa nyumba na shemeji zake, wanamwambia, "Yezu naye aliteswa, nyamaza." Familia iliyokimbia vita imelala njaa siku mbili, wanaiambia imshukuru Mungu kwa kuwa hai.

Injili haisemi hivyo. Yezu aliuawa kwa hukumu ya uongo, na Mungu hakuibariki hukumu ile. Tena Yezu mwenyewe alipoanguka chini ya mti, hawakusimama pembeni kumhubiria uvumilivu. Simoni wa Kirene alitiwa chini ya msalaba pamoja naye. Basi tukimwona mtu amelemewa, ulizo letu la kwanza liwe hili: nani atabeba pamoja naye, na upande gani tutashika sisi?

Kwa mjane, kubeba pamoja kunaweza kuwa kumsindikiza kwa wakubwa wa mtaa au kwa wanasheria wanaosaidia wamama. Kitabu cha sheria za familia cha inchi yetu, cha mwaka 1987 na kilichorekebishwa mwaka 2016, kinampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Wajane wengi hawajui. Mama mmoja anayejua, akienda pamoja na mwingine anayelia, amefanya kazi ya Simoni. Na kwa yule anayepigwa, kubeba pamoja ni kumfungulia mlango usiku, kumpeleka hospitali, na kutomrudisha kwa hatari kwa sababu ya maneno ya watu.

Sisi na zamu yetu

Turudi kwa ile nyumba ya Châtillon, maana inafanana sana na kilio chetu. Mtu akifariki, siku tatu za kwanza lupango linajaa. Kuna unga, sombe, mchele, makala, maji ya kunywa, viti vya kukodi na wimbo usiku kucha. Mwezi mmoja nyuma yake, pita katika lupango lile. Mjane amekaa peke yake na watoto wanne, na jiko ni baridi. Hakuna aliye mbaya kati ya wale waliokuja. Ni mapendo makubwa yaliyoishia siku ya tatu, kwa sababu hakuna aliyeandika nani atakuja siku ya thelathini.

Hali ni hiyo hiyo hospitalini. Katika hospitali zetu nyingi chakula cha mgonjwa kinatoka nyumbani kwake. Mwenye familia kubwa anazungukwa na sahani tano, na aliye karibu naye, ambaye ndugu zake wako mbali au waliuawa, anageukia ukuta wakati wengine wanakula.

Makundi yetu yanajua kupanga. Likelemba inaenda bila kukosa, kila mmoja anajua siku yake. Mchango wa harusi na wa kilio unaandikwa katika daftari. Lakini daftari hiyo inafuata wenye kadi. Aliye masikini kabisa hana franga za kuingia, kwa hiyo jina lake halimo. Tunapendekeza basi ya kwamba kila kundi, kabla ya Pasaka, liongeze ukurasa mmoja katika daftari yake, wa wale wasio na kadi.

Ukurasa huo uwe na majina machache, hata mawili tu. Ni afadhali kumtunza mgonjwa mmoja kwa miezi sita kuliko kuwapa thelathini sabuni siku moja na kupiga picha. Mbele ya kila siku ya juma liandikwe jina la mama mwenye zamu, na jina la pili la kumsaidia ikiwa mtoto wake anaugua au ana safari.

Chakula kiwe kile tunachokula nyumbani: bugali na sombe, maharagi, sambaza kidogo kama zipo. Siyo mabaki ya jana. Mama apunguze kidogo katika kila sahani ya nyumbani, na watoto waone anavyopunguza, wajue kinaenda wapi. Hiyo ni katekisimu ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuifundisha vizuri zaidi kalasini.

Akifika kwa mgonjwa, asalimie, akae chini, aulize habari, amnawishe. Kama wako wagonjwa wawili, afuate kanuni ya wale wa Châtillon: aanze na mwenye mtu, amalize na aliye peke yake. Na habari za nyumba ile zibaki kule kule. Siri ya masikini isifike sokoni.

Franga za kazi hiyo ziwekwe mbali na akiba ya wanachama, zihesabiwe mbele ya wote mara moja kwa mwezi, hata kama ni kidogo sana. Vincent aliwahi kuandika ya kwamba wamama wanasimamia mali ya masikini kwa uangalifu na uaminifu mkubwa. Tumpe haki.

Maulizo ya kuzungumzia katika kundi na nyumbani

Ni nani katika mtaa wetu ambaye hajapata mgeni juma zima? Tutaje jina lake, tusiseme tu "masikini".

Kati ya wajane tuliowalilia mwaka uliopita, tumemtembelea nani tena?

Ni msalaba gani tunamwambia mtu auvumilie, ambao tungeweza kushika upande mmoja?

Ijumaa ijayo, tukimaliza kituo cha kumi na nne, kila mama asibanduke kanisani bila kujua siku yake ya zamu. Kiongozi aje na daftari na kalamu.